Pampu, tangi na LUKU ya saa nane usiku

Jana tena. Saa nane usiku jirani anagonga geti: "Mama Neema, maji!"

Nilikuwa nimewasha pampu saa nne, nikasema najilaza dakika kumi tu. Tangi lilishajaa kitambo, maji yanashuka ukutani kama ya masika, kandambili za watoto zinaelea uani. Nakimbilia swichi, pap! Giza. Uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zimekwisha. Pampu ya nguvu farasi 1 inakula karibu uniti moja kwa saa, na mimi nimeiachia masaa manne ipandishe maji ya kumwagika.

Basi nikasimama kwenye mita, simu mdomoni inamulika, karatasi ya tokeni mkononi. Tarakimu 20. Kwenye ya 17 kidole kikateleza, nikaanza upya. Mbu nao hawana huruma.

Shemeji yangu ana taa za kubadili rangi kwa simu. Hongera yake. Mimi nataka kitu cha kunitumia meseji uniti zikibaki tano, na soketi ya waifai nizime pampu nikiwa kitandani (waifai yenyewe umeme ukiwepo, lakini).

Fundi alinicheka. Akasema ninunue floti tu: boya linaning'inia tangini, maji yakifika juu linakata umeme wa pampu, wala halihitaji intaneti. Nikanunua. Lipo kwenye droo tangu Pasaka. Baba Neema anasema atalifunga wikiendi. Wikiendi ipi, hasemi.