Sarafu zangu baada ya mafuriko

Maji yalipopungua nilikuta kasha la sarafu limelala kifudifudi kwenye tope. Kurasa za albamu, ambazo ni za kadibodi, zilikuwa zimevimba na kugandana.

Kosa kubwa nililifanya dakika ileile. Nilichomoa reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia huyo, ile inayobeba mwaka 1780 hata ikiwa ilipigwa miaka mingi baadaye, nikaifuta kwa kitambaa. Tope lina mchanga. Lilipotoka, shavu la Maria Theresa lilikuwa na mikwaruzo myembamba iliyopangana kama nywele, na mikwaruzo kwenye fedha haina dawa. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu.

Zilizobaki sikuzifuta. Nilivaa glavu, maana maji ya mafuriko hubeba uchafu wa vyooni, nikapiga picha kila ukurasa kabla maandishi yangu hayajafutika kabisa. Kisha nikazitenga: fedha bakuli lake, shaba lake, za chuma lake, kwa sababu metali tofauti zikilowa huku zimegusana, moja huila nyingine. Nilianza na za chuma, kutu haisubiri. Tope lililoshika kwenye herufi nililiacha lilowe usiku kucha, nikibadilisha maji, mpaka likaachia lenyewe. Suuza ya mwisho ilikuwa kwa maji ya betri, yale safi ya kuongezea, si asidi. Maji ya bomba huacha chumvi na klorini. Kukausha ni kugandamiza kidogo tu kwa pamba, bila kusugua.

Kilichonitesa zaidi ni vifuko vya plastiki laini ya PVC. Vilikuwa vimeacha utelezi wa kijani juu ya sarafu, na maji hayautoi. Nilizitumbukiza kwenye asetoni halisi, kiyeyushi kinachoshika moto upesi, ndani ya gilasi, dirisha wazi na moto mbali. Utelezi ukayeyuka.

Wengi walinishauri nitumie ndimu, siki au dawa ya meno. Nilikataa kabisa. Vitu hivyo hung'arisha kwa kuila ngozi ya sarafu, na mkusanyaji mzoefu huijua sarafu iliyosuguliwa kwa kuitupia jicho tu.

Sarafu tatu za shaba bado zinatoa unga wa kijani mpauko, dalili kwamba kloridi, chumvi inayoila shaba, imeingia ndani. Nimeziweka kwenye kopo lake pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu, na kila wiki nazikagua kwa lenzi.