Safari ya Kilwa: Maradhi, Vita na Bahari

Barabara ya kusini kutoka Dar es Salaam hupita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, huvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha hushika njia ya mikorosho na minazi hadi Nangurukuru, ambako msafiri wa Kilwa hukata kushoto kuelekea baharini. Ni mwendo wa takriban kilomita 300. Kabla ya daraja hilo magari yalivuka kwa pantoni, na mto ulipofurika mikoa ya kusini ilikatika na nchi. Hata leo njia hiyo ina kiburi chake: Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga, na dereva wetu alipofika hapo alipunguza mwendo, akatuonyesha mahali palipokatika kwa namna mtu anavyoonyesha kaburi la jamaa yake.

Watu wengi wanaokwenda Kilwa huenda moja kwa moja Kilwa Masoko, wakapanda mashua hadi Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, wakapiga picha magofu na kurudi. Mimi niliamua kuanza Kilwa Kivinje, mji ambao hauna kiingilio wala bango kubwa la utalii, kwa sababu nilitaka kwanza kuuona mji ulioharibika karibuni kabla ya kuuona ule ulioharibika zamani.

Kivinje ni mji wa nyumba za ghorofa zilizopoteza ghorofa zao. Ukipita mtaa wa nyuma ya soko utaona kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopanda hadi kimo cha dari na kuishia hapo, na juu yake mbuyu mdogo au mkuyu ulioota kwenye ufa. Nilisimama mbele ya mlango mmoja uliobaki miimo tu. Mbao za pembeni zilikuwa bado na nakshi ya maua yaliyochongwa kwa mkono hodari, lakini mchwa walikuwa wamezila kutoka ndani, kiasi kwamba ua moja lilibonyea nilipoligusa kwa kidole. Ndani ya uwanda wa nyumba hiyo kulikuwa na mihogo iliyopandwa vizuri kwa matuta, na nyuma yake kibanda cha udongo chenye paa la bati. Kwa hiyo nyumba haikuhamwa. Ilipungua tu, na wenyewe wakapungua nayo.

Mji huu ulitajirika katika karne ya 19 kwa biashara ambayo hakuna anayeionea fahari. Misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa iliishia hapa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na katika miaka ya 1860 karibu watu 20,000 kwa mwaka walipitishwa Kilwa kupelekwa Unguja na kwingineko, mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipoipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mahali penye msongamano wa namna hiyo, penye visima vifupi na ufuo uliogeuzwa choo, ugonjwa wa maji hauhitaji mwaliko.

Mwaka 1859 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kilwa wakati kipindupindu kinaua. Burton aliacha maelezo yanayotia baridi: maiti za watumwa zilikuwa zikiburutwa kwa mguu juu ya mchanga na kutupwa kwenye maji yanayokupwa, na wale waliokuwa na uwezo kidogo walishonewa mikekani na kubebwa hadi kwenye maji yaleyale. Wakati huo hakuna aliyekuwa na dawa wala maelezo. Kimelea cha kipindupindu kilikuja kutambulishwa vizuri kwa ulimwengu na Robert Koch miaka 25 baadaye, na tiba ambayo leo kila zahanati inayo, yaani maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, ilichelewa zaidi ya hapo. Ugonjwa ulirudi tena pwani hii kabla ya miaka kumi na mitano kupita.

Nilikwenda ufukweni nikiwa na picha hiyo kichwani. Bahari ya Kivinje hukupwa mbali sana, ikaacha tope jeusi na mikoko, na wanawake walikuwa wakitembea humo wakiokota chaza. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye gogo akishona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

Nilimweleza ninachotafuta: alama yoyote, kaburi, ukuta, hata jina la mahali, inayohusu watu waliokufa kwa kipindupindu. Alinyamaza kidogo, akaendelea kushona, kisha akasema, "Ugonjwa hauna kaburi hapa. Ukitaka makaburi ya vita nitakupeleka sasa hivi." Na kweli alinipeleka.

Hilo ndilo lililonishughulisha safari nzima. Kivinje ina mnara wa ukumbusho wa Wajerumani wawili, Krieger na Hessel, watumishi wa kampuni ya kikoloni waliouawa hapa Septemba 1888 wakati pwani yote ilipowainukia. Ina pia ukumbusho wa Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana na Wajerumani mpaka wakamkamata na kumnyonga Novemba 1895 kwenye mwembe, pamoja na wenzake. Makunganya mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa misafara, na bidhaa za misafara hiyo tumekwisha kuzitaja. Ushujaa wake mbele ya kitanzi haufuti hilo, wala hilo haliufuti ushujaa wake. Wauaji na wauawa wa vita wamepata mawe yenye majina. Waliouawa na kuhara, ambao kwa siku chache tu walizidi idadi ya wote hao kwa mbali, walipewa maji yanayokupwa.

Kilichoumaliza mji wenyewe lakini si kipindupindu wala kitanzi. Biashara ilibadilika, Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vikaacha njaa kubwa katika nchi ya nyuma iliyokuwa ikiulisha mji, na baadaye, katika enzi ya Waingereza, makao ya wilaya yakahamishiwa Kilwa Masoko penye bandari ya kina kirefu. Tope lile la ufukweni, lililokuwa rafiki wa jahazi, halikuwa rafiki wa meli. Karani alipohama na faili zake, duka lilimfuata.

Masoko nilipita kwa haraka, kwani ni mji wa ofisi, na shughuli yangu pale ilikuwa kibali cha kuingia katika magofu. Asubuhi nikavuka na mashua yenye tanga, nikiwa na kijana aliyezaliwa Kisiwani ambaye kazi yake ni kuongoza wageni. Kutoka majini, kitu cha kwanza kuonekana ni Gereza, ngome kubwa ya mraba iliyo karibu kabisa na maji, na karibu kila mgeni huiita ngome ya Wareno. Si sahihi sana. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, lakini jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la mnamo mwaka 1800, lililopandishwa juu ya msingi wa lile la kwanza. Bahari imekwisha kula kona yake moja.

Habari ya Wareno ni fupi na mbaya. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliutisha mji kwa mizinga na kuulazimisha kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipofika Lisbon mfalme aliamuru itengenezewe chombo cha kuwekea sakramenti, nacho kingali kinaonyeshwa katika jumba la makumbusho la mji huo. Julai 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na kundi la merikebu, akashusha askari, wakauteka mji kwa muda mfupi wa kushangaza na kuvunja milango nyumba kwa nyumba wakipora. Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala bila ya kuwa wa ukoo wa masultani, alikimbia, na Wareno wakamtawaza mwingine wampendaye. Mji ulikuwa umegawanyika kabla mizinga haijalia, jambo ambalo wapenda kulaumu wageni peke yao hulisahau. Kisha, mwaka 1512, Wareno wenyewe waliondoka. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, na kwa kuukata mkono uliokuwa ukiileta, dhahabu ikatafuta njia nyingine.

Nilipokuwa nikisimulia haya, kijana aliniambia, "Kaka, sasa njoo uone kitu kilichovunjika bila mtu kukipiga."

Alinipeleka Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ni ya kale zaidi, ya karne ya 11 au 12. Sehemu kubwa ya kusini, yenye kuba na matao, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alimkuta mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Kiongozi wangu alinionyesha nguzo za pembe nane zinazobeba matao na kueleza kwamba hizi si za sultani huyo. Upanuzi wake ulianguka wenyewe. Nguzo zake, zilizochongwa kila moja kwa jiwe moja la tumbawe, hazikumudu uzito wa paa. Msikiti ukakaa gofu kwa vizazi kadhaa mji ukiwa bado hai na tajiri, mpaka ulipojengwa upya katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 kwa nguzo za mawe yaliyounganishwa kwa chokaa, ambazo ndizo hizi.

Nililiangalia jiwe moja la nguzo kwa karibu. Chini ya lipu iliyobanduka matumbawe yalionekana wazi, vitundu vidogo kama vya sega la nyuki, ambamo viumbe wa bahari waliishi kabla ya jiwe kukatwa likiwa bichi na laini. Mji wote uliungwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na vyumba vyake ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazikutosha kuvuka upana zaidi. Boriti zimeoza zote. Matundu yake yamebaki ukutani kwa mstari ulionyooka, na ndani ya moja niliona mjusi.

Husuni Kubwa, kasri la sultani yuleyule, iko mbali kidogo mashariki, juu ya genge linalotazama bahari, nayo tuliifikia kwa miguu kupita mashamba ya watu. Ina vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogelea la pembe nane. Vita haikufika hapa: kasri lilihamwa mapema, karne moja na nusu kabla ya Wareno, na kuna sehemu ambazo hazikumalizwa kujengwa. Anayelivunja sasa ni bahari, kwa kulimega genge kutoka chini. Mji huu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, ukawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kuta kutengenezwa kwa chokaa ya kienyeji na mikoko kupandwa kupunguza nguvu ya mawimbi. Wanakijiji ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mama mmoja tuliyempita shambani alinionyesha kwa jembe miche aliyoshiriki kuipanda, akilalamika kwamba wengine huikata kwa kuni.

Tulikuwa tumepanga kuendelea hadi Songo Mnara, lakini maji yalianza kukupwa na nahodha alipiga mbinja kutuita. Alisema akichelewa robo saa mashua itakaa mchangani hadi jioni, na nusu ya abiria wake walikuwa wagonjwa wanaokwenda zahanati Masoko. Tukashuka mbio.