Futi ya Mama

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, barabara ya 9. Alipofariki tuligawana vitu vyake bila ugomvi kwa sababu havikuwa vingi. Kaka alichukua cherehani, dada kabati na vyombo, mimi nikachukua futi. Ni futi kamba ya kitambaa, zamani ilikuwa ya njano, mpaka namrithi imeshageuka rangi ya chai, na ina kibati cha shaba kila ncha. Sikumbuki kumwona mama bila futi ile shingoni, labda akiwa anaswali. Nilipoanza kuvaa stetoskopu chuoni alicheka akasema, "Haya, na wewe umepata futi yako."

Masika ya mwaka 2018 nilikuwa rejista, yaani daktari anayesomea ubingwa, wa mwaka wa pili katika hospitali ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, Dar es Salaam. Watu wakisikia kazi hiyo hunitazama vidole, kisha huuliza, "Hivi ubongo wa mtu aliye hai unacheza?" (Ndiyo. Unadunda taratibu, kwa kufuata moyo.) Lakini rejista wa mwaka wa pili ubongo anauona kwa kuibia, amesimama pembeni na mpira wa kunyonya damu huku wakubwa wakifanya kazi. Mwenyewe anapatikana wodini na kliniki, na kwa upande wa watoto, kutwa kucha, anapima vichwa.

Ubongo hutengeneza maji yake kila siku. Kwa mtu mzima ni kama nusu lita, yanayozunguka na kurudi kwenye damu bila mwenyewe kujua. Njia yake ikiziba maji hujaa, na kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya kichwa haijashikana, kichwa kinapanuka. Wengi wa watoto wetu walikuwa wameugua ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha, homa kali na degedege, wakapona, halafu kichwa kikaanza kukua. Wengine walizaliwa na mgongo wazi. Mama zao walifika wamewafunika khanga gubigubi, joto la Dar lote lile, maana kwenye daladala watu hawana haya, wanakodoa macho tu.

Dawa yake ilikuwa mojawapo ya mbili. Ya kwanza mpira mwembamba unaotoka kichwani, ukapita chini ya ngozi, ukamwaga maji tumboni. Ya pili ilipata umaarufu jirani hapa, Mbale, Uganda, kwa daktari Mmarekani aitwaye Benjamin Warf: unaingia na kamera nyembamba, unatoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha maji kilicho katikati ya ubongo, kisha unachoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji yenyewe. Mwezi Desemba 2017 yalikuwa yametoka matokeo ya utafiti wa hukohuko Mbale uliolinganisha njia hizo mbili kwa watoto 100, na baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti kubwa ya ukuaji wa akili. Kwa hiyo kila Jumatatu tulibishana. Mimi nilikuwa upande wa tundu. Mpira unaziba, na mpira wa mtoto wa Ifakara ukiziba usiku, nani atauzibua? Bingwa wetu alinisikiliza, halafu akasema kitu kimoja: tundu nalo hujifunga, na mara nyingi hujifunga miezi ya mwanzo. "Ukichagua tundu umechagua kupima. Usipopima vizuri, bora ungeweka mpira."

Tulikuwa tunapimia tepu za karatasi, zile za kutumia mara moja na kutupa. Unazungusha juu ya nyusi, juu ya masikio, hadi kisogoni palipochomoza zaidi, mara tatu, unaandika namba kubwa kuliko zote. Mtoto wa miezi mitatu hadi sita kichwa humwongezeka kama sentimita moja kwa mwezi. Zikiwa mbili, kuna jambo.

Tepu za karatasi zikaisha. Oda imewekwa, tukaambiwa, na kila aliyewahi kufanya kazi katika hospitali zetu anajua maana ya maneno hayo. Sista mmoja akasema angetuma mtu Kariakoo. Nikamwambia asihangaike, mimi nina futi nyumbani. Sitaficha, nilijisikia vizuri sana kuitoa ile futi mfukoni mwa koti jeupe. Niliifuta kwa spiriti, nikaizungusha kwenye kichwa cha mtoto wa kwanza, nikamkumbuka mama akiwa na pini mdomoni akimzungushia bibi harusi. Kwa wiki tatu nilipima nayo wodini na kliniki.

Alhamisi ya wiki ya tatu alikuja mama mmoja wa Mbagala na binti yake wa miezi mitano. Tulikuwa tumemtoboa tundu mwezi mmoja kabla. Siku anaruhusiwa kichwa kilikuwa 46.5, kwa tepu ya karatasi. Yule mama alikuwa fundi, ana fremu yake ndogo, na wodini alikuwa ameacha jina: alikuwa akishonea watoto kofia za vitenge, maana kofia za dukani hazikuwaingia, na kina mama wenzake walimlipa wanachoweza au hawakumlipa.

Nikapima. 47.0. Nusu sentimita kwa mwezi mzima! Nikamwonyesha sista kidole gumba.

"Dokta," yule mama akasema, "mbona kofia haimwingii?"

"Kofia gani?"

"Niliyomshonea siku tunatoka. Niliacha nafasi. Juzi nimeivuta imegoma."

Nikamwambia kitambaa cha kitenge kikifuliwa hurudi. Maneno hayo nilimwambia fundi. Akanyamaza, adabu tu. Akasema pia kwamba mtoto anacheua sana. Nikasema watoto wanacheua. Nilipogusa utosi ulikuwa umejaa, mgumu kidogo, lakini mtoto alikuwa analia kwa nguvu na utosi wa mtoto anayelia hujaa, ndiyo maana tunafundishwa kusubiri anyamaze, aketishwe, ndipo uguse. Foleni ilikuwa ndefu. Sikusubiri. Namba ilikuwa imeshaniambia nilichotaka kusikia, na vingine vyote nikavipanga nyuma yake.

Nilikuwa naandika tarehe ya kurudi aliposema tena, "Samahani dokta. Nikikuuliza hutakasirika?"

"Uliza tu, dada."

"Hiyo futi yako ni ya lini?"

Nikacheka. Nikamwambia ni ya marehemu mama yangu, alikuwa fundi kama yeye. Uso wake ukabadilika, ukawa wa huruma, kama mtu anayejuta kuanzisha mazungumzo. Hata hivyo alifungua mkoba, akatoa futi yake, ya plastiki ngumu, na daftari la shule lenye jalada lililochanika. Ndani kulikuwa na vipimo vya wateja, mabega, kifua, kiuno, urefu, na baina ya gauni la mtu na suruali ya mtu kulikuwa na mstari umeandikwa: kichwa 46 na nusu. Chini yake, tarehe ya juzi: kichwa 48 na robo.

Akazilaza futi mbili sambamba kwenye kitanda cha kupimia, bati kwa bati, akazinyoosha kwa kiganja bila kuzivuta. Alama yangu ya 10 ilikuwa imeshapita kidogo alama yake ya 10. Kwenye 30 tofauti ilionekana wazi. 60 ya mama yangu ilikuwa imelala karibu na 62 yake.

"Futi ya kitambaa ikizeeka inavutika," alisema kwa sauti ya chini, ili watu wa foleni wasisikie. "Zote zinavutika."

Sikujua niseme nini, nikasema la kijinga. Nikasema mama yangu alishonea watu na futi hii zaidi ya miaka 20, na hakuwahi kurudishiwa nguo.

"Asingerudishiwa. Si alimpima mtu kwa hii, akakata kitambaa kwa hiihii? Imevutika kwa mteja, imevutika kwenye kitambaa, inalingana. Wewe dokta umepima mwanzo kwa nyingine, ukaja kupima kwa hii." Akaikunja futi yangu vizuri, akanirudishia. "Usiitupe. Kushonea haina tatizo."

Nilimpima mtoto kwa futi yake. 48.4. Sentimita 1.9 kwa mwezi. Nikasubiri anyonye, anyamaze, nikamketisha, nikaweka kidole utosini. Ulikuwa umevimba kama mkate uliotiwa hamira. Altrasaundi ilipitishwa kwenye utosi huohuo, na vyumba vya maji vilikuwa vimepanuka kuliko siku tuliyomruhusu. Tundu lilikuwa limejifunga. Kesho yake asubuhi aliingia thieta wa kwanza, akawekewa mpira. Mimi nilikuwa nimeshika mpira wa kunyonya, na kwa mara ya kwanza sikuinama kuibia kuona.

Lakini hiyo ilikuwa kesho. Alhamisi ileile jioni nilikwenda ofisini kwa bingwa na futi mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, na nadhani angefoka ningepata nafuu. Aliuliza nimeitoa wapi, nikamwambia Tanga. Akachukua rula ya chuma, akaipima kipande kwa kipande, akiandika pembeni mwa gazeti. Mimi nikaropoka kwamba tunaweza kuzidisha namba zote kwa asilimia tatu, tukapata za kweli. Akanionyesha gazeti: haikuwa imevutika sawasawa. Kipande kimoja kilikuwa kimelegea zaidi ya kingine, kulingana na mahali mkono wa mama ulipozoea kushika.

"Wangapi?" akauliza.

"Ishirini na watatu."

"Leta daftari la kliniki."

Tulikaa na lile daftari mpaka saa tatu usiku, yeye akisoma namba za simu, mimi nikipiga. Namba za wagonjwa wetu ni simulizi ya peke yake. Hii ya mjumbe, hii ya mama lishe wa jirani, hii ya mjomba aliyeko machimboni ambaye hajui mtoto yuko wapi. Sista alinishauri niseme tu kwamba vipimo vinarudiwa. Wengine niliwaambia hivyo. Baba mmoja wa Kilwa akaniuliza moja kwa moja, "Mmegundua nini?" nikamwambia, "Nilimpima mtoto wako kwa futi mbovu." Akakaa kimya muda, nikasikia tu mvua upande wake. Kisha akauliza nauli atatumiwa au ajitegemee. Nilimtumia, na wengine watatu pia, kwa simu yangu.

Wiki mbili zilizofuata walikuja 22. Tuliwapima kwa tepu za karatasi, ambazo zilifika, katoni nzima, siku nne baada ya Alhamisi ile. Ishirini hawakuwa na tatizo. Mmoja tulimpangia kurudi kila wiki badala ya kila mwezi, na mwingine, wa Kisarawe, aliingia thieta siku hiyohiyo.

Yule fundi alikaa wodini siku saba na binti yake. Alishona kofia kwa mkono, za wote waliolala chumba kile, na alikuwa anazipima kwa futi yake ya plastiki huku kila nikipita raundi akijifanya ameizuia kwa goti, asinikumbushe. Nilimuuliza mara moja kwa nini hakuniambia mapema, tangu nilipotoa ile futi. "Dokta, wewe ulikuwa unafurahi," alisema.

Wa 23 alikuwa mtoto wa kiume wa miezi mitatu kutoka upande wa Mkuranga, mgongo wazi uliokwisha kufungwa, tuliyekuwa tunamwangalia tu kama atahitaji chochote. Simu yake nilipiga asubuhi na jioni kwa siku kumi na moja. Mwanzo haikupatikana. Siku ya kumi na mbili ilipokelewa na kijana aliyekuwa kijiweni, kwa kelele za bodaboda nilizosikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mpole kabisa, akasema laini ile kaipata mwezi huo na hamjui mwenyewe wa zamani. Tulimtuma mhudumu wa afya wa jamii aulizie, akaulizia, familia ilikuwa imehama.

Nilipohamishiwa kitengo cha watu wazima mwezi Septemba nilipitia mafaili kabla ya kukabidhi. La kwake lilikuwa jembamba, karatasi tatu. Kwenye ya mwisho palikuwa na sanduku la mzingo wa kichwa, na ndani yake, kwa mwandiko wangu, 41.0, na pembeni nimeweka vema.