Kumbukumbu ya mradi: kompyuta na meseji za dagaa, Kibirizi

Wiki hii ni vitenzi tu. Kama ndo unaanza kufuatilia, natengeneza programu ndogo ya kusoma meseji za wanaouza dagaa na migebuka hapa Kigoma, mtu akiandika "mzigo haujafika" kompyuta ijue kinachozungumziwa ni mzigo na kwamba bado, basi.

Ugumu unaanzia kwenye neno lenyewe. Ukikata sentensi kwa kufuata nafasi, Kiingereza kinakubali maana "not" yao imesimama peke yake, sisi kukanusha kumo ndani ya kitenzi, angalia hawajaniletea: ha-wa-ja-ni-let-e-a, nani hajafanya, lini, kwa ajili ya nani, vyote humo humo, na kompyuta inaona kidude kirefu ambacho haijawahi kukutana nacho. Kuna njia inaitwa BPE (byte pair encoding), Philip Gage aliitoa 1994 kwa ajili ya kubana mafaili, 2016 watu wa tafsiri ya kompyuta wakaichukua, inaunganisha herufi zinazofuatana mara nyingi mpaka vinakuwa vipande. Nzuri sana ila inaangalia wingi tu, sarufi haiijui, mzizi inaweza kuukata katikati.

Kwa hiyo nimeandika kanuni mwenyewe na hapo ndo utamu ulipo. Alipofika na alipokea zinaanza sawa kabisa, ila ya kwanza ni a-li-po-fika na ya pili a-li-pokea, bila orodha ya mizizi huwezi kuzitenganisha, sasa programu inajaribu kila mkato halafu inabakiza ule wenye mzizi uliopo kwenye orodha. Halafu "bei imepanda" na "mama amepanda boti", hapo mkato hausaidii, lazima iangalie majirani wa kitenzi.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani na kampuni ya IBM walitumia kompyuta kutafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwenda Kiingereza, kwa maneno 250 na kanuni 6 tu, watu wakaona kazi imekaribia kuisha, 1966 ripoti ya ALPAC, kamati ya Marekani iliyopima kazi hiyo na kuona bado iko mbali, ikapoza moto wote. Mimi naona walichoonyesha bado kinafaa kwa mtu mwenye laptop moja: baki kwenye mada finyu. Yangu ni dagaa, siongezi kitu.

Kinachofuata ni "mzgo", "bdo", na Kiha kikichanganywa katikati. Jumamosi nashuka mwaloni kuomba meseji za zamani, majina na namba wenyewe watavifuta kwanza.