Kijiti cha kivuli, wiki ya sita ya likizo

Imekubali! Tunatafuta, kwa vivuli vya vijiti viwili, digrii ngapi za latitudo zinatutenganisha sisi wa Minneapolis, Marekani, na bibi yao watoto aliye Mombasa. Siku mbili nzima tulikuwa tukipata digrii 1, na leo asubuhi jibu limetoka 49. Naandika furaha ikiwa bado moto.

Likizo ya kiangazi ilipoanza nilipanga kurasa mbili za hesabu kila siku, dakika 20 za kusoma Kiswahili, na daftari la mimea. Mwaka jana tulifunga vitabu Juni, na Septemba binti yangu, sasa ana miaka 11, akawa amesahau hata kujumlisha nusu na theluthi. Iliniuma sana. Mpango wa mwaka huu ulidumu wiki tatu, hadi mdogo wake wa miaka 8 alipochomeka mpini wa ufagio uani ili ajue saa bila simu. Tangu hapo kurasa mbili hazijafunguliwa.

Kwanza ilitusumbua adhuhuri yenyewe. Saa sita ilipita na kivuli kikazidi kupungua. Nikaulaumu mpini, nikanunua ufito ulionyooka wa mita 1, nikausimamisha kwa timazi ya uzi na nati. (Ile programu ya simu ya kupimia wima niliifuta siku hiyohiyo, uzi haudanganyi.) Bado kivuli kikafikia ufupi wake wa mwisho, yaani adhuhuri ya jua, saa saba na dakika 19. Katika kuchelewa huko, saa nzima ni ile ambayo huku Marekani husogezwa mbele kila Machi. Dakika 13 ni kwa kuwa saa za huku zimepangwa kwa longitudo 90 Magharibi, nasi Minneapolis tuko 93 na ushei, na kila digrii ni dakika 4. Sita zilizobaki ni za dunia yenyewe: mhimili wake umeinama, na mwendo wake kulizunguka jua haulingani mwaka mzima.

Tukampigia bibi yao, Likoni, Mombasa. Kwa hesabu ileile adhuhuri yake ilikuwa saa sita na dakika 27, sisi huku tumelala. Tarehe 17 Julai akapima kivuli cha kijiti cha mita 1: sentimita 47. Chetu siku hiyo: 45. Binti akavichora kwa kipimo, akashika kipimapembe: jua lilikuwa digrii 25 kutoka utosini kwa bibi, 24 kwetu. Alishasoma habari za Eratosthenes, Mgiriki wa kale aliyekadiria mzingo wa dunia kwa kulinganisha kivuli cha Alexandria, Misri, na mji wa Syene ambako siku ileile adhuhuri haikuwa na kivuli. Basi akatoa 24 kwenye 25. Digrii moja, yaani kilomita 111 hivi. Mdogo wake akaruka: "Kumbe bibi yuko karibu kuliko Duluth!" Huo ni mji wa jimbo letu hili hili.

Tukapima upya. Tukachora upya kwenye karatasi kubwa. Nikashuku sakafu ya bibi ina mteremko, nikamwomba aweke sahani ya maji. Akaweka, maji yakatulia sawasawa, na akaniambia fundi aliyesakifu pale alikuwa anaijua kazi yake. Usiku nilikaa na ile michoro hadi saa sita, sioni kosa.

Leo wakati wa chai yule mdogo akataka kusikia tena ujumbe wa sauti wa bibi. "Wajukuu wangu, kivuli kimelala kusini, upande wa kwenda Tanzania." Nilikuwa nimeusikiliza mara tatu kwa ajili ya zile sentimita tu. Yeye akatoka nje, akasimama penye alama zetu. "Mama, mbona chetu kinalala kaskazini?"

Jua liko katikati yetu! Kwa bibi liko upande wa kaskazini, kwetu upande wa kusini, kwa hiyo pembe zinajumlishwa, hazitolewi. 24 na 25 ni 49. Binti akafungua atlasi mikono ikimtetemeka: Mombasa latitudo 4 Kusini, sisi 45 Kaskazini. Arobaini na tisa. Alipiga kelele hadi jirani akachungulia uani.

Sasa anataka kupata mzingo wa dunia bila kuazima zile kilomita 111, na bado hatujajua umbali wa kaskazini hadi kusini tutaupima vipi. Mdogo wake anangoja mapema Oktoba, jua litakapopita juu ya utosi wa Mombasa na kivuli cha bibi kiishe kabisa. Kijiti kingali palepale Likoni. Bibi amekizungushia matofali ili kuku wasikiangushe.