Supu imepoa, bibi yuko kwenye tamthilia

Nimetoka zamu sasa hivi. Nahudumia wazee huku Marekani.

Leo bibi mmoja kagoma kula mpaka The Young and the Restless iishe. Anaifuata tangu ianze, 1973!

Supu ikapoa. Yeye ananihadithia Jeanne Cooper, aliyeigiza Katherine Chancellor hadi alipofariki 2013. Mwaka 1984 mama huyo alifanyiwa upasuaji wa kuvuta ngozi ya uso, wa kweli kabisa, na tamthilia ikauonyesha.

"Siku hizi kwenye tamthilia wanawake wazee tunaitwa kwa harusi na msiba tu," bibi akanung'unika.

(Victor Newman, mhusika mzee wa tamthilia hiyo hiyo, bado anatamba, lakini huyo mwanamume.)

Akawa anajivuta shavu kwa kidole, taratibu, macho kwenye runinga.

Jamani, kwenu nani alikuwa hasemeshwi tamthilia ikianza?