Kopo la maziwa na kamasi zisizokauka

Tangu mwanangu aanze kushinda na watoto wenzake mchana, kamasi hazikauki. Akipona kikohozi, anaharisha. Kuharisha kukikata, sikio. Nikachoka, nikanunua maziwa ya unga ya watoto wa mwaka mmoja na kuendelea, yaliyoongezwa madini ya chuma, zinki na vitamini. Kopo lilikuwa na maneno matamu ya "kuimarisha kinga", nami nikaingia mzimamzima.

Daktari alicheka kidogo (sikupenda). Akasema mtoto mdogo kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka ni kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo lilishasema mwaka 2013 kwamba maziwa ya aina hii si ya lazima.

Si kwamba hayana kazi kabisa. Utafiti mmoja kaskazini mwa India, uliotoka 2007, uliona watoto waliopewa maziwa yaliyoongezwa virutubisho wakiugua kuhara na nimonia kidogo kuliko wenzao. Lakini huko wengi walikuwa na upungufu wa lishe. Wangu alikuwa anakula vizuri, mpaka chupa tatu kwa siku zilipomfanya asukume sahani.

Kilichoniumiza zaidi ni hiki: nilipofungua mfuniko wa ile chupa na kutoa mpira wa ndani, nilikuta ukoko wa maziwa, umechacha, unanuka. Mimi huyo huyo natafuta kinga kwenye kopo! Sasa anakunywa kwa kikombe cha wazi. Anajimwagia nusu, lakini kikombe naweza kukisugua mpaka ndani.